Mhuri wa mwenyekiti hauhamishi nyumba

"Wakili, samahani. Nimepata nyumba Makambako, vyumba vitatu, umeme na maji vipo, bei nafuu. Tukiandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, akagonga mhuri, si nimemaliza?"

Hujamaliza. Swali hili limenichosha, maana wengi wanaoliuliza wameshalipa.

Mhuri ule unathibitisha jambo moja tu: siku fulani watu wawili walikaa mbele ya mwenyekiti, wakatia saini, pesa zikahesabiwa. Basi. Kama kiwanja kina hati, anayesajili uhamisho wa umiliki ni Msajili wa Hati, na uhamisho usiosajiliwa haukufanyi mmiliki. Mwenyekiti hana daftari la kumwonyesha kama hati hiyo imewekwa rehani benki au imewekewa zuio. Anawajua majirani na anajua nani anaishi pale. Muulize hayo. Na ile asilimia 10 unayodaiwa ofisini kwake si kodi ya serikali, wala haihamishi chochote.

"Lakini muuzaji namfahamu." Unamfahamu yeye, je, mkewe? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukiambiwa mama yuko safarini, msubiri mama arudi.

Nyumba ya marehemu ina hatari zaidi. Kaka mkubwa anauza kwa sababu ndiye mkubwa. Ukubwa haumpi mamlaka hayo. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kama ni Mahakama ya Mwanzo atakuwa na Fomu Na. IV mkononi. Yale maandishi ya rangi nyekundu ukutani, NYUMBA HII HAIUZWI, mara nyingi huandikwa na ndugu ambao hawakushirikishwa, na wengine huyaandika wakati mnunuzi ameshagongewa mhuri wake.

Halafu miji yetu midogo ni nusu mji, nusu kijiji. Ikiwa eneo bado ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka idhini ya halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake si kikao. Mahakama zimebatilisha mauzo ya namna hiyo, na mnunuzi akabaki kumdai mtu ambaye pesa ameshazila.

Sasa fanya hivi. Kiwanja kina hati: chukua namba zake, kafanye upekuzi ofisi ya ardhi ya mkoa kabla ya kutoa hata shilingi. Hakina hati: nenda kwa afisa ardhi wa halmashauri, uone mchoro wa mipango miji. Ardhi ya kijiji: dai muhtasari wa kikao. Nyumba iko kando ya barabara kuu: pima mita 30 kutoka katikati ya barabara, ikiwa ndani ya hapo, iache. Mkataba uandikwe na wakili, ridhaa ya mwenza iambatanishwe, kodi za mauzo na atakayezilipa zitajwe humo. Malipo yapitie benki kwa awamu, na ya mwisho yatoke uhamisho ukisajiliwa.

Muuzaji wa kweli haogopi ukaguzi wa wiki chache. Anayekuharakisha, mwache abaki na nyumba yake.