Funza wa kulisha kuku: tuangalie kwanza wanakula nini

Mbele jua litoke, yaya mmoja tuliyefanya naye kazi mgodini anakuwa tayari kwenye soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, na pusupusu yake. Anaokota mapapai yaliyooza, maembe, maganda ya ndizi, yote ambayo wamama wametupa. Wanamucheka. Kontra yake ilikatwa, na tangu hapo anafuga kuku kwenye parseli yake Katuba. Lakini siku hizi anaanza kwanza na funza.

Nami nilicheka. Akaniambia: «Ngojea kwanza, kamarade. Zamani kuku njo ilikuwa inakula makuta yangu, hapana miye kukula kuku.»

Ni kweli. Mwenye kufuga kuku Katanga anajua: mahindi na chakula cha mifuko vinatoka sana Zambia, vinapita Kasumbalesa, na bei inapanda na dola. Kati ya wale zaidi ya 10,000 waliotoka kazini kwa «départs volontaires» ya 2003, wengi walitia makuta yao kwenye ufugaji. Kuku wakamaliza makuta mbele ya kufika sokoni.

Mdudu wa yaya ni nzi askari mweusi. Si yule nzi wa choo. Huyu akisha kukomaa hali chakula, anakunywa maji tu, anaishi siku chache, kwa hiyo hasumbui sahani ya mtu. Jike linataga mayai kama 500 kwenye ufa mkavu karibu na kitu kinachooza; yaya anaweka vipande vya mbao vilivyofungwa pamoja. Baada ya siku 4 hivi mayai yanapasuka, na funza wanakula wiki mbili au tatu bila kupumzika. Wakikaribia kugeuka wanakuwa weusi, wanapanda wenyewe kutafuta pakavu, wanaanguka ndani ya ndoo. Hakuna kuwaokota. Ukiwakausha, karibu 40 kwa 100 ni protini. Kinachobaki chini ni mbolea ya bustani.

Sisi hatuna haja ya kufundishwa kula wadudu. FAO ilipotoa kitabu chake mwaka wa 2013, ikihesabu aina zaidi ya 1,900 zinazoliwa duniani, huku tulikuwa tumeshakula vishimu na inswa tangu wakati wa babu zetu. Shida ni kwamba vishimu vinataka majani mabichi ya miti yao, sawa mutondo, na mutondo tunaukata juu ya makala. Kufuga kishimu kwenye parseli si mchezo. Nzi askari yeye hachagui.

Na hapo njo wasiwasi wangu unaanza, juu hachagui. Udongo wa Lubumbashi umepokea moshi wa shaba tangu 1911. Mtu wa Penga Penga haitaji maelezo, anaona pale majani yanakataa kuota. Ndani ya udongo ule muko shaba, kobalti, risasi na kadimiu. Mboga za majani zinavuta kadimiu kuliko matunda. Funza akila mboga zile, kadimiu inabaki mwilini mwake na kuwa nyingi kuliko ile iliyokuwa ndani ya chakula. Kuku anakula funza, inakaa kwenye maini na figo. Sisi tunakula maini. Kwa mtu, inaharibu figo na mifupa, pole pole, kwa miaka. Kukausha au kuchemsha hakuondoi kitu. Chuma haifi kwa moto.

Ulaya waliruhusu unga wa wadudu kwa samaki mwaka wa 2017, kwa kuku na nguruwe mwaka wa 2021, lakini wanachunga kile mdudu amekula. Mabaki ya sahani na mavi ya nyama hayaruhusiwi.

Nilimwambia yaya haya yote, akakasirika kidogo. Halafu akaacha lengalenga na majani ya mabustani ya kando ya mto. Sasa anachukua paka matunda na dreshi ya bia. Kitu cha pili kilichomushinda ni baridi ya mwezi wa sita na wa saba: nzi hawapandani bila jua na joto, akapoteza wote. Mwaka huu amezungushia kizimba plastiki yenye kupitisha mwangaza.

Kodi ya migodi ya 2018 inaomba kampuni zitoe angalau 0.3 kwa 100 ya mauzo yao kwa kazi za maendeleo ya jamii. Ingine inaenda kwenye mabanda ya kuku, na picha zinapigwa. Kwenye sendika yetu tunaomba, mbele ya banda, walipe kupima udongo, mboga na funza kwenye maabara, na karatasi ya matokeo ibandikwe pale soko ya Kenya, wamama waione.