Kununua kituo cha mafuta: Pima udongo kabla ya kulipa

MFANYABIASHARA anayetaka kununua kituo cha mafuta cha zamani nchini Marekani huangalia kwanza pampu, duka na wingi wa magari yapitayo barabarani. Lakini kitu kinachoweza kuamua kama atapata faida au hasara kimefukiwa chini ya sakafu ya saruji. Ni matangi, na udongo unaoyazunguka.

Hadi miaka ya 1980, matangi mengi ya nchi hiyo yalikuwa ya chuma kitupu kisicho na kinga dhidi ya kutu. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria ya kuyadhibiti, na mwaka 1988 Wakala wa Kulinda Mazingira (EPA) ukatoa kanuni zake. Wenye matangi walipewa hadi Desemba 22, 1998 wawe wameyawekea kinga, wameyabadilisha au wameyafunga. Tangu mpango huo uanze, matangi zaidi ya milioni 1.7 yamefungwa na mivujo zaidi ya 550,000 imethibitishwa. Kwa hiyo anayenunua kituo cha siku nyingi hana sababu ya kudhani kwamba chake ndicho kilichosalimika.

Kazi ya kung'oa tangi huanza kwa taarifa kwa mamlaka, kwa kawaida siku 30 kabla. Mafuta yaliyobaki hunyonywa, kisha tope lililoganda chini huondolewa. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa, kwani tangi tupu lina mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na cheche moja inatosha kulilipua. Mafundi huingiza barafu kavu, ambayo hugeuka gesi ya kaboni na kuifukuza oksijeni, au hupuliza hewa hadi kipimo kionyeshe kwamba mvuke umepungua vya kutosha. Baada ya hapo katapila huchimba, tangi hunyanyuliwa kwa minyororo na kuuzwa kama chuma chakavu. Kanuni zinaruhusu pia tangi kuachwa ardhini likiwa limejazwa mchanga au zege, jambo linalofanyika pale uchimbaji unapoweza kutikisa jengo la jirani. Hata hivyo, kuliacha hakumwondolei mwenyewe wajibu wa kuchunguza udongo.

Uchunguzi huo ndio wenye pesa ndani yake. Harufu na rangi ya udongo husaidia, lakini hazitoshi. Sampuli huchukuliwa kwenye udongo wa asili chini ya ncha zote mbili za tangi, si kwenye mchanga uliojazwa wakati wa ujenzi. Huchukuliwa pia kandokando ya mabomba na chini ya pampu, maana mivujo mingi huanzia kwenye viungo vya mabomba na wala si kwenye tangi lenyewe. Mnunuzi anayeletewa ripoti yenye sampuli za shimo la tangi peke yake aulize za mabomba ziko wapi. Kila sampuli hufungwa vizuri ili mvuke usitoroke, huwekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara pamoja na karatasi inayoonyesha imepitia mikono ya nani. Sampuli iliyokaa juani ndani ya gari itatoa majibu mazuri ya uongo.

Maabara hutafuta hasa benzini, ambayo husababisha saratani. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa nchini humo ni mikrogramu 5 tu kwa lita. Mvujo ukithibitika, mamlaka lazima zijulishwe ndani ya saa 24.

Kwa makadirio ambayo EPA iliwahi kuyatoa, kusafisha udongo peke yake hugharimu kati ya dola 10,000 na 125,000. Mafuta yakifika kwenye maji ya ardhini, gharama huanzia dola 100,000 na kuweza kupita milioni moja. Mji wa Santa Monica, California, ulilijua hilo mwaka 1996, pale visima vilivyoupatia karibu nusu ya maji yake vilipofungwa kwa sababu ya MTBE, kemikali iliyokuwa ikichanganywa katika petroli.

Nani hulipa? Chini ya sheria ya serikali kuu, tangi lililokuwa likitumika Novemba 8, 1984 au baada ya hapo ni la yule anayelimiliki. Maana yake, anayenunua kiwanja pamoja na tangi ananunua pia wajibu wake, hata kama hajawahi kuuza lita moja. Wauza mafuta hutakiwa kuwa na bima au dhamana ya dola milioni 1 kwa kila tukio, na majimbo mengi yana mifuko ya kusaidia. Lakini mifuko hiyo ina masharti, na mwenye tangi ambalo halikuandikishwa anaweza kurudi mikono mitupu.

Kwa sababu hiyo benki nyingi hudai ripoti ya udongo kabla ya kukopesha. Mnunuzi makini naye huitumia kupunguza bei. Tuseme kituo kinauzwa dola 400,000 na udongo una dosari inayokadiriwa kugharimu 80,000. Si lazima biashara ivunjike, kwani kiasi hicho, pamoja na nyongeza ya tahadhari, kinaweza kuwekwa kwa mtu wa tatu hadi usafishaji umalizike, na salio ndilo apewe muuzaji.

Kwa msomaji wa Tanzania, kanuni ya mchafuzi kulipa imo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Anayenunua sheli kuukuu hapa naye ana sababu ya kuuliza umri wa matangi na kutaka sampuli.

Mwisho wa kazi hiyo nchini Marekani, jimbo hutoa barua kwamba hakuna hatua zaidi inayohitajika. Barua hiyo isomwe hadi mstari wa mwisho, kwa kuwa nyingine hutolewa kwa matumizi ya biashara tu. Anayepanga kujenga nyumba za kupangisha hapo anaweza kutakiwa kuchimba tena.