Ufugaji wa majira ya baridi katika Somerset Levels

Somerset Levels ni eneo tambarare la malisho kusini-magharibi mwa Uingereza. Sehemu kubwa iko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na maji yake huondolewa kwa mifereji, milango ya maji na pampu. Wakulima wengi hufuga ng'ombe.

Kuanzia Desemba hadi Februari mvua hunyesha mara kwa mara, lakini nyasi karibu hazikui, kwa sababu huhitaji joto la udongo la takriban sentigredi 5 hadi 6. Hapo ndipo hali inapotofautiana na masika ya Afrika Mashariki: mvua ipo, lakini malisho hayaongezeki. Ng'ombe wakiachwa nje hukanyaga ardhi iliyolowa hadi iwe tope. Udongo hushindiliwa, hewa hukosekana kwenye mizizi, na nyasi huchelewa kuchipua. Trekta huharibu zaidi. Kwa hiyo mifugo huingizwa bandani wakati wa vuli, au mkulima hutenga kipande kimoja kiharibike ili vingine vipone. Kondoo wanaobaki kwenye unyevu hupata kuoza kwato na minyoo ya ini, ambayo huenezwa na konokono wadogo wa matopeni.

Hesabu ya chakula ndiyo kiini cha maandalizi. Ng'ombe wa kilo 600 hula takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku. Kwa siku 165 bandani hiyo ni karibu tani 2. Nyasi hizo hukatwa Mei hadi Julai na kuhifadhiwa kama hei au sileji. Mkulima anayegundua upungufu mwezi wa Januari amechelewa, maana wakati huo hununua kwa bei ya juu au huuza wanyama. Samadi nayo huhitaji mahali pa kutosha, kwani ikimwagwa kwenye ardhi iliyojaa maji huishia mtoni.

Majira ya baridi ya 2013–2014 yalikuwa na mvua nyingi kuliko yote nchini Uingereza na Welisi tangu takwimu zianze mwaka 1766. Kijiji cha Muchelney kilizungukwa na maji, mifugo ilihamishwa, na wakulima wa maeneo mengine walituma nyasi. Malisho yaliyokaa chini ya maji kwa wiki kadhaa yalikufa na kulazimu kupandwa upya. Mwaka 2014 kilomita 8 za mito Parrett na Tone zilichimbwa tope, hatua iliyodaiwa sana na wakulima, ingawa baadhi ya wataalamu walisema kuchimba pekee hakuzuii mafuriko makubwa.