Mdoli wa Mtoto Una Jina Gani Forodhani?

Akina mama wengi siku hizi huagiza vitu kutoka nje. Mmoja huleta katoni chache za midoli kutoka Dubai au China ili auze dukani kwake kabla ya Krismasi. Mwingine ametumiwa kifurushi na dada yake aliyeko Ulaya. Wa tatu ametumwa na wenzake wa kanisani kununua sanamu za pango la Krismasi. Wote watatu watafika mbele ya meza ya afisa wa forodha, na wote wataulizwa swali moja linaloonekana jepesi: hiki ni kitu gani?

Mama mpendwa, usilichukulie swali hilo kuwa la kupita tu. Jibu lake ndilo huamua ushuru utakaolipa. Anayelijua hupanga fedha zake mapema na kulala usingizi. Asiyelijua huweza kulipa zaidi ya inavyompasa, au akasikiliza ushauri wa mtu wa pembeni anayemwambia, "Andika jina jingine, mambo yatakwisha." Hapo ndipo biashara ndogo ya nyumbani huingia matatani. Hebu basi tuliangalie jambo hili taratibu.

Kitabu kimoja kwa dunia nzima

Nchi nyingi za dunia hutumia orodha moja ya kuzipa bidhaa majina na namba. Mkataba wake ulifanyika Brussels, Ubelgiji, mwaka 1983, na ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Leo orodha hiyo inatunzwa na Shirika la Forodha Duniani, nalo makao yake yako huko huko Brussels. Kila kitu kinachouzwa na kununuliwa, kuanzia mbuzi hadi meli, kina mahali pake humo. Tarakimu sita za kwanza za namba ya bidhaa ni zile zile kila mahali. Baada ya hapo kila nchi huongeza zake kwa mahitaji yake.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo hutumia orodha hiyo. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza mwaka 2005, na tangu hapo zipo namba za pamoja na viwango vya pamoja vya ushuru. Kwa hiyo namba ya mdoli unaoshushwa Mombasa na ya ule unaoshushwa Dar es Salaam ni moja.

Sura moja, milango mingi

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: vitu viwili vyenye sura ya mtu vinaweza kufanana kabisa machoni petu, lakini forodhani vikaingia kwa milango tofauti.

Mdoli wa mtoto huingia chini ya namba 9503, pamoja na baiskeli za magurudumu matatu, mafumbo ya kupanga vipande na vitu vingine vya kuchezea. Hata mdoli uliotengenezwa kwa ajili ya kupamba kitanda huhesabiwa kuwa mdoli. Nguo, viatu na kofia za mdoli hufuata namba hiyo hiyo; hazihesabiwi kuwa mavazi.

Sasa chukua sanamu ndogo ya msichana iliyofinyangwa kwa udongo na kuchomwa, ile inayosimama juu ya kabati sebuleni. Hiyo si mdoli, ni pambo, na mapambo ya namna hiyo hufuata kitu yalichotengenezwa nacho. Ya udongo uliochomwa huingia namba 6913, ya plastiki 3926, ya mbao 4420. Vinyago vingi vya Wamakonde na Wakamba vinavyouzwa kwa watalii husafiri nje ya nchi kwa namba hiyo ya mbao. Lakini kazi halisi ya msanii, ile ya sanaa tupu, ina mlango wake, namba 9703.

Mama mwenye duka la nguo anayeagiza sanamu za kuvalisha magauni dirishani naye hapaswi kuziita midoli. Zina namba 9618. Na yule mtoto wa bandia ambaye sisi wauguzi tunamfahamu vizuri, anayetumika kuwafundishia wakunga jinsi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua? Huyo ni chombo cha kufundishia, na mlango wake ni 9023. Ana uso, mikono na miguu kama mdoli wa dukani, lakini kazi yake ndiyo imempa jina.

Na sanamu za pango la Krismasi, yaani Mtoto horini, Mariamu na Yosefu, wachungaji na mifugo? Hizo zimetajwa kwa jina katika maelezo ya orodha ya dunia kuwa ni vitu vya sikukuu, chini ya namba 9505. Lakini maelezo hayo hayo yanasema kwamba sanamu za kupamba nyumba za ibada hazimo katika fungu hilo. Basi kama kamati ya kanisa imeagiza seti ya pango la Krismasi na pia sanamu kubwa ya kukaa kanisani mwaka mzima, visiandikwe kwenye mstari mmoja wa ankara. Ni vitu viwili.

Kesi ya midoli isiyo watu

Ukidhani haya ni mambo ya makarani tu, sikia kisa kilichotokea Marekani. Mwaka 1994 kampuni iitwayo Toy Biz iliingiza nchini humo sanamu ndogo za kuchezea za mashujaa wa vitabu vya katuni, wakiwamo wale waitwao X-Men. Wakati huo sheria ya huko ilitenga fungu la midoli na fungu la vitu vingine vya kuchezea. Fungu la midoli lilikuwa la vile vinavyoonyesha binadamu peke yake, na ushuru wake ulikuwa asilimia 12. Vitu vya kuchezea vinavyoonyesha wanyama au viumbe wasio binadamu vililipa asilimia 6.8.

Forodha ikasema: hii ni midoli. Kampuni ikajibu: la hasha, hawa si watu. Mmoja ana makucha ya chuma yanayotoka mikononi, wengine wana nguvu ambazo mwanadamu hakupewa. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani. Jaji Judith Barzilay alizichunguza sanamu hizo, na mwezi Januari 2003 akatoa hukumu kwamba X-Men hawaonyeshi binadamu. Kampuni ikashinda.

Wapenzi wa hadithi hizo hawakufurahi. Katika vitabu vyenyewe, vilivyoanza kutolewa mwaka 1963, mashujaa hao hupigania siku zote kuhesabiwa kuwa watu kama wengine. Sasa wenye mali wenyewe walikuwa wamekwenda mahakamani kusema kwamba si watu, kwa sababu ya tofauti ya asilimia 5.2!

Kisa hicho kinachekesha, lakini kina somo. Kampuni haikuficha kitu wala haikubandika jina la uongo juu ya katoni. Ilisema wazi inavyoamini, ikaleta bidhaa yenyewe mbele ya jaji, ikangoja. Ubishi juu ya jina la kitu si kosa. Kosa ni kudanganya.

Baadaye orodha ya dunia nayo ilirekebishwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2007 midoli na vitu vingine vya kuchezea viliwekwa chini ya namba moja, ile 9503 tuliyoitaja. Leo, kwa orodha hiyo, mama hana haja ya kubishana kama mdoli ni mtu au jini. Lakini bado ni lazima ajue kama alicholeta ni cha kuchezea, ni pambo, ni kitu cha sikukuu au ni chombo cha kufundishia.

Hesabu ya mama mwenye duka

Katika Afrika Mashariki ushuru wa forodha una ngazi. Malighafi na mitambo kwa kawaida ni asilimia 0, bidhaa ambazo bado zitafanyiwa kazi viwandani asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Tangu Julai 2022 imeongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Viwango huweza kubadilika kila mwaka bajeti zinaposomwa, kwa hiyo uliza kiwango cha mwaka huo kabla hujalipa hata senti kwa muuzaji.

Ushuru hauhesabiwi kwa bei ya bidhaa peke yake. Kwa mzigo wa meli, huongezwa nauli na bima. Tuseme mama mmoja wa Tanzania amenunua bidhaa za shilingi 800,000, na nauli pamoja na bima ni shilingi 200,000. Thamani yake forodhani ni shilingi 1,000,000. Kama kiwango ni asilimia 25, ushuru ni shilingi 250,000. Kisha inakuja VAT, ambayo Tanzania ni asilimia 18 na Kenya 16. Nayo haihesabiwi kwa ile milioni moja tu, bali kwa milioni moja pamoja na ushuru. Asilimia 18 ya 1,250,000 ni shilingi 225,000. Jumla ni shilingi 475,000, kabla ya tozo nyingine ndogo na malipo ya wakala.

Kama mzigo huo ungekuwa kwenye ngazi ya asilimia 35, ushuru ungekuwa 350,000 na VAT 243,000, jumla 593,000. Ni tofauti ya shilingi 118,000 kwa mzigo ule ule, kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi. Fedha hiyo ni sare za shule za watoto. Ndiyo maana nasema jambo hili si la wanaume wa bandarini peke yao.

Pambo si kitu cha kuchezea

Iko sababu nyingine ya kujali jina, nayo ni afya ya mtoto. Nchi nyingi zina masharti maalumu juu ya vitu vya kuchezea: visiwe na vipande vidogo vinavyong'oka kwa watoto wa chini ya miaka 3, rangi yake isiwe na risasi ya kudhuru, na plastiki yake isiwe na kemikali fulani za kuilainisha. Mwaka 2007 hata kampuni kubwa ya Mattel ililazimika kurudisha mamilioni ya vitu vya kuchezea kutoka madukani, baadhi yake kwa sababu ya rangi yenye risasi.

Pambo halikutengenezwa kwa masharti hayo. Sanamu ya kabatini inaweza kuwa na rangi inayobanduka, ncha kali au jicho lililogundishwa kidogo tu. Muuzaji anayeingiza mapambo kisha akayauza kama midoli anamwekea mtoto wa mwenzake hatari mdomoni. Kumbuka kipimo hiki cha nyumbani: kitu chochote kinachopita ndani ya kigogo cha karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Vuta macho na vifungo vya mdoli kwa nguvu kabla hujampa mtoto. Kikitoka mkononi mwako, kitatoka kinywani mwake.

Mambo ya kufanya

1. Mwombe muuzaji aandike kwenye ankara kitu chenyewe, kimetengenezwa na nini, kwa matumizi gani, na idadi yake. "Midoli ya plastiki ya watoto, vipande 200" ni maelezo. "Zawadi mbalimbali" si maelezo.

2. Piga picha ya bidhaa na ya maandishi ya boksi, hasa yanayotaja umri wa mtoto. Ni ushahidi mzuri.

3. Muulize wakala wako namba atakayoandika, na umwombe akueleze sababu yake. Kuuliza si ujinga. Mzigo ni wako, na jina linaloandikwa ni lako.

4. Kama una mashaka, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inakuruhusu kuiomba mamlaka uamuzi wa maandishi juu ya namba ya bidhaa kabla mzigo haujafika.

5. Usiporidhika na uamuzi wa afisa, usigombane naye wala usimpenyezee kitu mkononi. Omba kwa maandishi uamuzi upitiwe upya, ndani ya siku 30. Hiyo ni haki yako kisheria.

6. Usikubali kamwe jina la uongo. Maelezo ya uongo forodhani ni kosa linaloweza kuleta faini, kifungo, au mali kutaifishwa. Aliyekushauri hatakuwapo siku hiyo.

Katoni ya midoli ni mtaji mdogo, lakini kwa nyumba nyingi ndiyo ada ya muhula wa Januari. Mama anayejua jina la bidhaa yake husimama mbele ya meza ile bila kutetemeka, akalipa kinachompasa, akachukua risiti yake na kurudi nyumbani. Na mdoli utakaofunguliwa asubuhi ya Krismasi utakuwa umeingia nchini kwa jina lake la kweli.