Ushindi Si Kipimo cha Raha ya Mchezo

Baridi ya Juni huwavalisha watu wa Mbeya makoti mchana kweupe, lakini vijiwe vya drafti havifungwi. Nenda Mwanjelwa, au Miyomboni pale Iringa: ubao wa miraba 64, vizibo vya soda 12 kila upande, vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule chali. Aliyekula kete tatu kwa mkupuo anaugonga ubao. Aliyeliwa kanyamaza, mguu unamtikisika. Nani anaufaidi mchezo zaidi?

Wanaochunguza michezo, iwe ya ubao au ya simu, hutumia njia tatu: kumuuliza mchezaji, kumtazama akicheza na kuupima mwili wake.

Kuuliza kumefundisha mengi. Mwaka 1975, mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alichapisha matokeo ya mahojiano na watu wa aina nyingi, wakiwemo wacheza sataranji. Alionyesha kuwa mtu huzama mchezoni pale ugumu unapolingana na uwezo wake. Mpinzani dhaifu huchosha, na anayekuzidi mno hutia wasiwasi. Mwaka 2006, Richard Ryan na wenzake waliongeza kuwa mchezo wa kompyuta hunoga ukimfanya mtu ajione anaweza, anajiamulia na yuko pamoja na wengine. Hilo la tatu kijiweni ni la bure: watazamaji humfundisha hata asiyeomba.

Mwili nao una lake la kusema, ila husema kwa mafumbo. Moyo hudunda kwa furaha na kwa hasira vilevile. Kifaa kinachopima jasho la vidole hutambua msisimko, lakini vidole vilivyopoa kwa baridi ya nyanda za juu huweza kukidanganya. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi.

Hata saa nyingi si ushahidi wa raha. Katika mwongozo wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa kucheza michezo ya kidijitali. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine na kuendelea ingawa unaleta madhara, kwa kawaida kwa miezi 12.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akiiweka simu chini, usiishie kumuuliza kama ameshinda. Muulize kama angeweza kuacha mapema, na umwangalie uso anapokujibu.