Sangara ana sakafu, dagaa ana mchanga

Ukitaka kujua ni samaki gani wa Ziwa Victoria anayethaminiwa na wakubwa, tazama anakopokelewa. Kwenye mialo ya viwanda sangara anashushwa juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa, penye barafu na mizani. Anapimwa kwa rula. Akiwa chini ya sentimita 50, ni kosa. Dagaa, katika mialo mingi, anamwagwa mchangani, kuku wakipita katikati yake.

Tofauti hiyo ina historia. Kati ya mwaka 1997 na 1999 masoko ya Ulaya yalimfungia mlango sangara wetu zaidi ya mara moja: salmonella, kisha kipindupindu, kisha habari za samaki kuvuliwa kwa sumu. Bei mwaloni ikaporomoka. Serikali zilizokuwa zikijikongoja ghafla zikakimbia: wakaguzi, maabara, mialo iliyoboreshwa. Ndipo pia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU kama kila mtu anavyoviita, vilipopata nguvu, maana kumkamata mwenye sumu sasa kulikuwa kulinda fedha za kigeni.

Kwenye karatasi BMU ni kitu kizuri: wenye mitumbwi, mabaharia, wachuuzi na wanawake wanakaa meza moja. Lakini mwaloni kuna utawala mwingine, nao hauna katiba. Wakala wa kiwanda anamkopesha mwenye mtumbwi nyavu, injini na mafuta. Deni linalipwa kwa samaki, kwa bei anayotaja wakala. Baharia anagawiwa kinachobaki baada ya mafuta na chakula kukatwa. Sasa mjumbe wa BMU ambaye naye anadaiwa na wakala huyohuyo, atamzuiaje asinunue sangara wa sentimita 40? Mwaka 2018 Operesheni Sangara ilichoma nyavu haramu nyingi upande wa Tanzania. Daftari la madeni halikuguswa.

Na dagaa? Kwa uzito ni zaidi ya nusu ya samaki wote wanaovuliwa ziwani, na ndiye tunayemla sisi. Mitumbwi ya taa ikirudi alfajiri, kina mama wananunua kwa ndoo na kuanika. Jua likikubali, jioni wanafunga magunia. Masika mambo hugeuka: mvua ikiwakuta kabla hawajakauka, dagaa wanabadilika rangi na kunuka, na mzigo uliokusudiwa kuliwa na watu unaishia kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

Kichanja kingepunguza hasara hiyo. Ni mbao, misumari na wavu tu. Hewa inapita chini, mchanga haupandi. Vichanja vipo hapa na pale, vingi vimeletwa na miradi, na mradi ukiondoka hakuna bajeti ya kubadilisha mbao iliyooza. Binafsi sioni kwa nini ushuru unaotozwa kwenye gunia la dagaa usianze kurudi hapo.

Soko la Kirumba, Mwanza, linapokea wanunuzi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, nao si watu wa kubahatisha. Mnunuzi anachota dagaa kiganjani, anavunja mmoja, anamtafuna. Akisikia mchanga, anashusha bei papo hapo. Hakuna wizara itakayopokea barua kwa sababu ya mchanga huo, wala mwalo utakaojengewa sakafu. Hasara inamrudia mama aliyeanika.