Ukikabiliwa na Mnyama Mkali

Mwaka 1909, karibu na kilima cha Sergoit, si mbali na Eldoret, mashujaa wa Kinandi walimzunguka simba kwa mikuki na ngao. Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani hadi mwaka huo, alishuhudia. Simba alimrukia mmoja wao akamjeruhi, lakini wenzake hawakukimbia. Mikuki yao ikamwua. Fundisho lake halijapitwa na wakati: mara nyingi mtu huokolewa na ujasiri wake pamoja na msaada wa wenzake.

Leo nyanda za Uasin Gishu ni mashamba ya mahindi na ngano. Lakini tembo wangali katika bonde la Kerio, penye hifadhi ya Rimoi, na chui na nyati wapo sehemu nyingi za Kenya. Yafaa basi kila mkulima ajue la kufanya.

Ukikutana na chui au simba, usikimbie wala usimgeuzie mgongo, kwani anayekimbia huonekana kama windo. Simama wima, inua mikono, piga kelele, kisha rudi nyuma polepole. Akikurukia, pigana naye. Mwaka 2005 mzee mmoja mkulima wa Meru aliyeshambuliwa na chui alitia mkono kinywani mwake akamng'oa ulimi. Jirani aliyesikia kelele akaja kummaliza mnyama.

Nyati na tembo ni shauri jingine, maana wote wawili hukimbia kuliko mtu. Kwa nyati, panda mti upesi. Ukikosa mti, lala kifudifudi ukijibana na ardhi, kwa kuwa pembe zake zilizopinda hupata shida kumfikia mtu aliyelala. Kwa tembo, jitenge naye mapema, wala usipite kati ya mama na mtoto wake.

Ukishaokoka, hatari haijaisha. Meno na kucha huacha vijidudu ndani ya nyama. Osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile ukadungwe sindano za kuzuia kichaa cha mbwa na pepopunda.

Mwisho, peleka habari kwa Shirika la Wanyamapori bila kukawia. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia kwa aliyejeruhiwa na kwa jamaa za aliyeuawa. Lakini asiyeandikisha madai yake hawezi kulipwa.